Kuku wa kienyeji nyumbani: tupeane uzoefu, ulianzaje na ulipoteza nini?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Kibaha, kiwanja chenyewe robo eka. Nilianza mwaka 2021 na matetea 4 na jogoo 1, na siku hizi mayai ya kisasa hayaingii kwangu. Kuku wanashinda wakichakura majani na wadudu, kwa hiyo kiini kina manjano iliyokolea. Nakaanga na nyanya za uani, watoto wanagombania sahani.

Ila mwaka wa kwanza niliumia. Ugonjwa wa kideri ulipita mtaani, ndani ya wiki moja nikazika kuku 23. Kinyesi cha kijani, shingo zinapinda, wanakoroma. Sikuwa nimechanja hata mmoja. Wenzangu mlipitia yapi, na sasa mnakula nini?

Mdau, Singida
Pole sana ndugu yangu. Huku tunauita mdondo. Hauna dawa, kinga yake ni chanjo tu. Mimi natumia I-2, ile inayovumilia joto: tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, wakiwa wazima. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, hivyo tunachangishana majirani na kuchanja siku moja. Tarehe nimeiandika kwa mkaa ukutani pa banda. Tangu hapo sijazika kundi.

Mama kijacho, Muheza
Kwangu adui alikuwa mwewe, na usiku kicheche. Katika vifaranga 12 walikuwa wanabaki 4 au 5, roho inaniuma. Sasa mwezi mzima wa kwanza wanakaa chini ya tenga.

Jambo lililonisaidia zaidi: naatamisha matetea 3 siku moja. Siku ya 21 wakiangua, usiku gizani nampa mmoja vifaranga wote, asubuhi anawaona wake. Wale wawili wanarudi kutaga mapema.

Chakula nawategea mchwa. Chukua chungu kikuukuu, jaza magunzi na kinyesi cha ng'ombe, nyunyiza maji, ukifudikize jioni kwenye njia ya mchwa. Asubuhi kifunue uone vifaranga wanavyokimbilia! Ijumaa nachinja jogoo mmoja, namuunga kwa nazi. Harufu yake inafika barabarani.

Mdau, Kilifi
Hamjambo. Ongezeni kanga jamani. Akiona nyoka au mgeni, kelele zake zinaamsha boma lote. Kulea hajui vizuri, kwa hiyo mayai yake namwekea kuku, anakaa nayo kama siku 28. Mbolea ya banda naiacha ioze kwanza ndipo naitia kwenye mchicha, maana ikiwa mbichi inaunguza.

Mwanzisha mada
Nashukuru sana. Jumamosi nawapitia majirani tupange chanjo. Mama, hayo magunzi yawe mabichi au makavu?

Mama kijacho, Muheza
Makavu mwanangu. Yaloweke kidogo tu, yakichuruzika maji mchwa hawapandi.