Gari moja la lita 10,000 au pick-up mbili na vifaa vya uokoaji? Wazimamoto naomba maoni

MlinziWaKituo

Wakuu, salaam. Niko kituo cha zimamoto cha mji mdogo kando ya barabara kuu ya Dar–Tunduma, huku Nyanda za Juu Kusini, kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Gari tulilonalo limechoka. Pampu inavuja na spea zake hazipatikani tena. Safari hii fedha zimeonekana, na nimeambiwa niandike mapendekezo ya kitaalamu. Zinatosha kimoja tu kati ya hivi:

A. Gari moja kubwa jipya, chesisi ya Kichina, tanki la lita 10,000.
B. Gari lililotumika Uingereza au Ujerumani, pampu nzuri, makabati yamejaa vifaa.
C. Land Cruiser pick-up mbili, kila moja na tanki la lita 500 na pampu ya presha kubwa, pamoja na seti ya uokoaji ya betri (mkasi wa kukata chuma cha gari na kitanuzi cha kupanua palipobana).

Hali ya mji: soko la vibanda vya mbao vilivyobanana, visima vya zimamoto (sehemu za mtaani za kuunganishia hozi na bomba la maji) vichache na vingine vimejengewa juu, ajali za malori na Noah, na malori ya mafuta yanayopita usiku kucha kwenda Zambia na Kongo. Naomba walioshika hozi kwa mikono yao waseme.

Afande_Bomba

A, mkuu, tena bila kusita. Piga hesabu. Hozi moja ya kawaida inatoa kama lita 400 kwa dakika. Lita 500 za pick-up zinaisha kwa dakika moja na robo. Lita 10,000 zinakupa dakika 25 kwa hozi moja, au 12 na kidogo kwa hozi mbili. Dakika hizo ndizo unazozihitaji ili maboza ya maji yaanze kuzunguka. Mjini kwangu nimesimama mbele ya duka linaloungua huku wananchi wakipiga kelele "faya wamekuja bila maji!" Maji tulikuja nayo, yaliisha. Ukishapigwa mawe mara moja kwa sababu hiyo, hutapendekeza tanki dogo tena.

KizimaMvita

Ndugu yangu Afande, hesabu zako ni sawa, ila gari lifike kwanza. Mimi niko Mombasa. Mji wa Kale kuna vichochoro ambavyo mikokoteni miwili yapishana kwa taabu. Lori la tani ishirini na kitu utaliegesha barabara kuu, kisha uvute hozi baada ya hozi mpaka kwenye moto, na kila hozi unayoongeza yala presha. Ukifika, nyumba ya tatu imeshashika.

Halafu hiyo lita 400 kwa dakika ni hozi ya presha ya chini. Pampu ya presha kubwa, bar 40 (bar ni kipimo cha presha), hutoa maji membamba kama ukungu, na mipangilio mingi ya pick-up hutumia kama lita 100 kwa dakika. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600 na kuondoka na joto. Ndani ya chumba kilichofungwa, lita 500 za namna hiyo hufanya kazi kubwa. Nje, penye upepo na paa limeshaanguka, siwezi kukudanganya, ukungu hautoshi. Hapo wataka maji mazito.

Kwa soko la vibanda naona suala ni nani atafika moto ukiwa bado kibanda kimoja.

FundiPampu

Nimefanya matengenezo ya magari ya zimamoto ya kila taifa. Niseme juu ya B, kwa sababu ndiyo inayowavutia wanakamati: rangi nyekundu inang'aa, makabati yamepangika, bei nafuu.

Kwanza, fungueni nyaraka mtazame tanki. Gari la kawaida la Uingereza hubeba lita 1,800. La Ujerumani aina ya LF 20 hubeba 2,000. Pampu yake inaweza kusukuma lita 2,000 kwa dakika, maana yake ikifunguliwa yote tanki linakauka kwa dakika moja.

Pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kapulingi, yaani viungo vya kuunganishia hozi. Mwingereza anatumia za kuchomeka za milimita 64, zina dume na jike. Mjerumani anatumia Storz, pande zote mbili ni sawa, unabana na kuzungusha. Mchina ana zake, Mjapani ana zake, Mmarekani ana za nyuzi. Nimeingia kituo kimoja nikakuta magari matatu ya msaada kutoka nchi tatu, na hakuna hozi ya gari moja inayoingia kwenye gari jingine. Vijana walikuwa wamefunga kiungo kwa mpira wa tairi na waya. Presha ilipofika bar 5 kiungo kikafyatuka, na kapulingi ya chuma ikapita karibu na kichwa cha mtu.

Jambo hili si geni duniani. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua zaidi ya saa 30, majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Wazimamoto wa Washington na Philadelphia walikuja kwa treni wakiwa na pampu zao, lakini hozi za wengi wao zikakataa kuingia kwenye visima vya Baltimore. Walikuwa na maji chini ya miguu yao na hawakuweza kuyatumia.

Kwa hiyo, mkuu, hata ukichagua nini, andika kwenye zabuni aina ya kapulingi iliyoko kwenye visima vyenu na kwenye gari la kituo cha jirani. Adapta ziwe sehemu ya mkataba, zifungwe kwenye gari, zisiwe za kununua baadaye.

Ughaibuni_Feuerwehr

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Ujerumani, ni mzimamoto wa kujitolea kijijini kwetu. Huku wa kujitolea ni wengi kuliko wa kuajiriwa, wanapita milioni moja. FundiPampu amesema kweli. Lita 2,000 zinatutosha kwa sababu kisima cha zimamoto kiko hatua chache kutoka kila nyumba. Gari linafika, wa kwanza wanaingia na maji ya tanki, na wengine wanaunganisha kisima kabla tanki halijaisha. Ukilichukua gari hilo ukalipeleka mji usio na visima, umechukua nusu ya mfumo na kuacha nusu nyingine huku.

Tena magari ya huku Ujerumani usukani uko kushoto. Kwenye kona za mlima Kitonga nyuma ya lori, dereva haoni mbele mpaka amejitokeza katikati ya barabara. Mkipewa bure, sawa, fikirini. Kwa fedha zenu, hapana.

Kwenye seti ya betri ningependa kumsikia mwenye uzoefu wa ajali za huko.

Dada_Mkasi

Nipo. Kazi yangu ni uokoaji barabarani.

Kaka MlinziWaKituo, mjadala umekaa kwenye moto, lakini kwa mji wa barabara kuu, simu za 114 (namba ya dharura ya zimamoto) zitakazokuumiza roho ni za ajali. Kwa hiyo nakuunga mkono kwenye C, hasa hiyo seti.

Zamani mkasi na kitanuzi vilitegemea mashine ya petroli na mipira ya haidroliki. Nguvu yake haina shida, na hadi leo nyingi zinafanya kazi kwa bar 700. Shida ni mashine kugoma asubuhi ya baridi, mpira wa mita 10 usiofika bondeni, na kelele zinazokuzuia kumsikia aliyebanwa. Wa betri unaushika mkononi na kuteremka nao korongoni. Kwa Noah iliyoingia chini ya lori, tofauti hiyo naiona kila mara.

Nikueleze tukio la kawaida. Dereva wa Noah, dashibodi imemshukia mapajani. Watu wanataka kumvuta. Ukimvuta unamvunja. Unatia vigingi vya mbao chini ya gari lisitikisike, unakata kidogo chini ya nguzo ya mbele, karibu na kizingiti cha mlango, kisha unasimamisha jeki ndefu kati ya nguzo ya nyuma na ya mbele na kuisukuma taratibu. Dashibodi inainuka sentimita chache, na hizo sentimita ndizo zinazotoa miguu. Mwenzako anabaki kamshika kichwa muda wote na kuongea naye.

Mambo ya kuangalia kabla ya kulipia:

Betri za akiba, angalau mbili kwa kila kifaa, na chaja inayofanya kazi kwa umeme wa gari. Umeme wa kituo ukikatika usiku, asubuhi una chuma cha kilo 20 kisichokata kitu.

Mkasi uwe wa kizazi kipya. Magari yanayoingia sasa yana chuma kigumu kwenye nguzo za milango, na mkasi wa zamani unaweza kupasuka meno. Bandua plastiki ya ndani kwanza, utazame kabla ya kukata, kwa maana kwenye nguzo na kingo za paa huwa kuna mitungi midogo ya gesi ya mifuko ya hewa.

Na Prius na Aqua, magari ya petroli na umeme kwa pamoja, zimejaa barabarani. Waya wa rangi ya chungwa ni umeme mkubwa, usikatwe kabisa.

Mwisho, vigingi vya mbao. Havina bei, fundi seremala wa hapo hapo anavichonga, na hakuna tenda inayovikumbuka.

Afande_Bomba

Dada, umenisogeza. Lakini nibaki na jambo moja: malori ya mafuta. Sote tunaikumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu walipokimbilia kuchota petroli kwenye lori lililopinduka. Pick-up itafanya nini pale?

Dada_Mkasi

Afande, pale kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu kabla ya cheche, na kwa hilo anayefika mapema na kipaza sauti ana thamani kuliko anayefika na maji mengi. Ila moto ukishawaka, uko sahihi, inahitajika povu, na kwa wingi. Povu la asilimia 3 linataka kama lita 300 za dawa kwa kila lita 10,000 za mchanganyiko. Ulizeni A inakuja na lita ngapi za dawa. Nimeona gari lenye tanki la povu zuri kabisa, halijawahi kutiwa dawa tangu lishuke bandarini. Na kama njia yenu inapitisha spiriti, povu la kawaida linayeyuka juu yake. Agizeni linalohimili alkoholi.

Mpenda_Magari

Samahani wakuu, mimi si mzimamoto. Mbona hakuna aliyetaja gari la ngazi? Maghorofa yanaongezeka kila mji.

Ughaibuni_Feuerwehr

Swali zuri. Ngazi ya kawaida ya Ujerumani huitwa 23-12, yaani inafika mita 23 kwenda juu ikiwa imesimama mita 12 kutoka kwenye jengo. Hiyo ni ghorofa ya saba au ya nane. Inahitaji uwanja mgumu wa kutandaza miguu yake, pasiwe na nyaya za umeme juu, na ukaguzi wa kila mwaka wa mtaalamu. Kwa mji wa nyumba za ghorofa mbili tatu, ngazi ya mkono ya aluminiamu inatosha. Na kwa minara ya Dar hakuna ngazi inayofika juu, mle unategemea bomba la wima la jengo lenyewe.

MlinziWaKituo

Nawashukuru sana, nimeandika kurasa. Naona naelekea C, halafu niombe boza la maji la halmashauri, ambalo lipo na linamwagilia barabara tu, lifungwe kapulingi na litufuate kwenye moto. Afande, hilo litapunguza hofu yako?

Swali la mwisho kwa FundiPampu: tuna mto karibu na soko, ila kingo zake ni ndefu, toka juu hadi maji kama mita 6. Pampu ya kubeba itanyonya?

Afande_Bomba

Boza likiwa na dereva wa zamu saa 24 na tanki limejaa muda wote, nakubali. Likiwa na dereva anayekwenda nalo nyumbani, nabaki A. Na mlijaze kabisa: boza lililojaa nusu maji yanasukasuka na kulipindua kwenye kona, hasa kama halina kuta za ndani.

FundiPampu

Mita 6 kwako ni mpakani, mkuu. Usiamini kitabu cha muuzaji. Pampu hainyonyi kwa nguvu zake, hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji kupanda. Pwani, pampu nzima inafika mita 7 na nusu hivi. Kila mita 1,000 unayopanda mlima unapoteza karibu mita moja, kwa hiyo kwenye mita 1,600 umebakiwa na kama 6, na hapo maji yanayotoka ni kidogo. Injini isiyo na tabo (turbo) nayo inapungua nguvu kwa hewa hiyo nyepesi.

Chongeni njia ya kushusha pampu hadi mita 3 kutoka kwenye maji. Ngazi za udongo na jukwaa la zege vinatosha. Kisha weka kipengele hiki kwenye mkataba: pampu zote zipimwe kwenye mto huo, mbele yenu, kwa nusu saa mfululizo bila kuzimwa, kabla ya hati ya mapokezi kusainiwa. Muuzaji akisema vipimo vya kiwandani vinatosha, mwambieni kiwanda chake hakiko mita 1,600. Nitumie rasimu ya zabuni ukiimaliza, nitaipitia upande wa pampu, na Dada apitie upande wa uokoaji kama ana nafasi.

Dada_Mkasi

Nafasi ipo. Itume kabla ya Ijumaa, naingia zamu ya usiku.