Laschet alimpiku vipi Söder mwaka 2021?

Wadau, huko Ujerumani kura za maoni zilimweka Markus Söder, kiongozi wa chama cha CSU, mbele kwa mbali. Iweje Armin Laschet, mwenyekiti wa chama ndugu cha CDU, ndiye apewe tiketi ya ukansela (ukuu wa serikali)?

— Kura za maoni haziteui mgombea. CSU iko jimbo la Bavaria tu, CDU iko majimbo mengine 15, na mgombea wa pamoja hupatikana kwa maelewano ya wakubwa. Usiku wa kuamkia 20 Aprili halmashauri kuu ya CDU ilipiga kura: Laschet 31, Söder 9, sita hawakuegemea upande. Söder akasalimu amri, ingawa shingo upande.

— Tena wangemkataa vipi mwenyekiti waliyemchagua Januari? Alimshinda mpinzani wake Friedrich Merz 521 kwa 466, mkutano ukiwa wa mtandaoni, kisha kura ikathibitishwa kwa posta. Na tayari alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Nordrhein-Westfalen tangu 2017.

— Kilichommaliza ni tukio la mji wa Erftstadt, 17 Julai. Rais Steinmeier anawafariji waathirika wa mafuriko, nyuma yake kamera inamnasa Laschet akicheka. Kwenye uchaguzi wa Septemba CDU/CSU wakaambulia asilimia 24.1, wapinzani wao SPD 25.7. Hata karatasi yake ya kura aliikunja vibaya, alama zikaonekana! Kiti chake cha waziri mkuu wa jimbo akakirithi Hendrik Wüst.