Antena ya setilaiti ndogo: tufanye jaribio gani kabla ya kurushwa?

Mwanafunzi_Mitambo aliuliza:

Wakuu, salamu. Kikundi chetu chuoni kinasanifu antena ya kukunjuka kwa ajili ya setilaiti ndogo yenye sentimita 10 kila upande. Ni mikanda minne ya chuma cha springi, iliyokunjwa na kufungwa kwa uzi wa nailoni ambao hukatwa na waya unaopashwa moto kwa umeme. Juu ya meza ya karakana antena hufunguka kila mara bila kusita, lakini mhadhiri wetu anasema ushahidi huo hautoshi. Ikiwa fedha zetu zinatosha jaribio moja kubwa tu, tuchague lipi?

Fundi_wa_Bawaba alijibu:

Mhadhiri wenu anasema kweli. Someni habari za chombo cha Galileo cha Marekani, kilichorushwa Oktoba 1989 kwenda sayari ya Mshtarii. Antena yake kuu, yenye kipenyo cha mita 4.8, ilikuwa na mbavu 18 na ilitakiwa kufunguka kama mwavuli. Amri ilipotolewa Aprili 1991, baadhi ya mbavu hazikuachia. Uchunguzi ulielekeza kwenye pini za titani ambazo kilainishi chake kikavu kilikuwa kimekwisha kusagika, hasa kutokana na mtikisiko wa safari za lori kati ya California na Florida, safari zilizoongezeka baada ya ajali ya chombo cha anga cha Challenger ya 1986 kuahirisha urushaji. Katika ombwe, yaani mahali pasipo hewa kama angani, metali mbili zilizo uchi zikigusana kwa mgandamizo mkubwa zinaweza kung'ang'aniana, kwa sababu hakuna oksijeni ya kujenga upya utando unaozitenganisha. Wahandisi waliwasha na kuzima mota maelfu ya mara, wakakielekeza chombo juani na kivulini ili metali zitanuke na kusinyaa, lakini antena haikufunguka. Badala ya biti 134,000 kwa sekunde zilizotarajiwa, data ilipitia antena ndogo kwa kasi iliyohesabiwa kwa makumi ya biti, ikafika zaidi ya 100 pale programu na vituo vya kupokelea vilipoboreshwa.

Kwa hiyo nachagua jaribio la kufungua ndani ya chumba cha ombwe, kwenye baridi, kwa kutumia kifaa kilekile ambacho kimekwisha kupita kwenye meza ya mtetemo, ile inayoiga mtikisiko wa kurushwa. Mkijaribu kifaa kipya ambacho hakijatikiswa, mtakuwa mmejaribu kitu kingine.

Mhandisi_Joto alijibu:

Naafikiana na ndugu hapo juu, ila msisahau waya wenu. Hewani, waya hupoteza sehemu kubwa ya joto kwa hewa inayouzunguka. Katika ombwe njia hiyo haipo, kwa hiyo mkondo uleule unaokata uzi vizuri mezani unaweza kuuyeyusha waya wenyewe kabla uzi haujakatika. Upande wa pili, betri baridi hutoa volti pungufu, na uzi wenyewe huanza ukiwa na baridi kali. Pimeni hali zote mbili: betri iliyojaa na mitambo ikiwa na joto, kisha betri dhaifu na baridi. Wekeni pia waya wa pili wenye saketi yake, pamoja na swichi inayothibitisha kwamba mkanda umefunguka kweli.

Mwanafunzi_Mitambo:

Tunashukuru sana. Je, mvutano wa dunia hautatudanganya tunapojaribu hapa ardhini?

Fundi_wa_Bawaba:

Kwa mikanda myepesi, si sana. Ifungueni ikiwa imeelekezwa juu, chini na ubavuni, mlinganishe muda. La muhimu zaidi ni akiba ya nguvu: pimeni msuguano na upinzani wote kwenye hali mbaya kabisa, kisha mhakikishe springi inauzidi angalau mara mbili. Tena, msirudierudie jaribio hewani ikiwa mnatumia kilainishi cha molibdenamu disulfidi, kwani huchakaa upesi kwenye unyevunyevu ingawa hufanya kazi vizuri katika ombwe.

Acheni pia nafasi ya kujaribu tena kutoka ardhini. Chombo cha Juice cha Ulaya kilirushwa Aprili 2023, na antena yake ya rada yenye urefu wa mita 16 ikakwama kwa pini ndogo tu. Kukitikisa kwa injini na kukigeuzia jua kulisaidia kidogo. Ilifunguka Mei, baada ya kifaa kingine cha kuachilia kwenye bano hilohilo kufyatuliwa na mshtuko wake kuisogeza pini. Kwa upande wenu, programu iruhusu amri ya kupasha waya irudiwe katika mizunguko kadhaa, hasa setilaiti inapotoka kivulini.