Mama lishe nimepungua kilo 12, sasa wateja wanasema naumwa. Ninyi mlifanyaje?

MamaLishe_Tandika

Habari zenu wadau. Mimi ni mama lishe hapa Tandika, Dar, miaka 41, watoto watatu. Naomba ushauri kwa waliopitia. Wale wa "funga mdomo tu" wapite kimya, hiyo nimeshaisikia kwa mume wangu.

Mwaka jana nilikuwa na kilo 98, na urefu wangu ni sentimita 160. Sikuona shida, maana mimi si mtu wa kukaa. Naamka saa kumi usiku, nabeba ndoo, nasonga ugali sufuria kubwa, mchana kutwa niko wima. Mtu wa hivyo umwambie afanye mazoezi atakuelewa? Kilichonipeleka zahanati ni kichwa, kila jioni kinagonga kisogoni. Presha ikasoma 160 kwa 100. Niliporudi wiki iliyofuata bado iko kule kule. Nikaanzishiwa dawa, nikaambiwa punguza chumvi, punguza mwili, haya, anayefuata aingie.

Kupunguza mwili wakati kazi yako ni sufuria ni shughuli, jamani. Mimi nilikuwa sikai nikala. Nilikuwa naonja. Supu ya alfajiri naonja chumvi, naonja tena, halafu natia na kipande cha chapati nijue vinakwendaje pamoja. Maharage naonja kama yameiva. Nazi ikichemka naonja. Samaki akivunjika kwenye mafuta huwezi kumuuza, sasa nani atamla? Ukoko nao mtamu, na watoto wako shule. Chai ndiyo usiseme, mimi na binti ninayefanya naye kazi tulikuwa tunamaliza chupa mbili mpaka mchana, kila kikombe sukari vijiko vitatu vya kujaa. Saa kumi jioni wateja wakiisha, kilichobaki ni changu. Mchele nimeununua kwa hela yangu halafu niumwage?

Nilianzia kwenye hayo mabaki, maana ndiyo yalikuwa yananimaliza. Kuna walinzi wanaoingia zamu jioni pale sokoni, nikawaambia kuanzia saa kumi na moja sahani ni nusu bei. Hawajawahi kuniacha na sufuria lenye kitu. Sukari kwenye chai niliipunguza polepole hadi nikaiacha, sasa natia tangawizi na mchaichai. Kuonja naonja kwa kijiko cha chai, si kwa upawa. Mchana najipakulia sahani yangu mapema kama mteja, naweka matembele mengi, wali kidogo, nakaa chini nakula. Jioni bajaji nimeiacha, natembea mpaka nyumbani Yombo.

Leo nina kilo 86. Presha imeshuka na kichwa kimeacha. Lakini nina mambo mawili yananisumbua.

La kwanza, mzani umegoma. Tangu Ramadhani ipite niko 86, 87, 86, na chakula sijabadilisha.

La pili ndilo kubwa, ni watu. Mafundi wa gereji wanaokula kwangu wananiuliza, "Mama, kulikoni, unaumwa?" Kwenye kikoba nimesikia kwa masikio yangu kwamba nimekanyaga waya, yaani nina UKIMWI. Mama mkwe alikuja kutoka Handeni, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku, halafu akamwita mwanawe nje. Mimi ndani nasikia, "Mke wa mtu anakondaje hivi, unampa mawazo gani?" Alipokuwa ananiona na kilo 98 alikuwa anamsifia kwa majirani kwamba anatunza.

Hayo ningeyabeba. Linaloniuma ni biashara. Mteja wangu wa miaka ananiambia anacheka, "Mama lishe akikonda ujue chakula chake mwenyewe kimemshinda." Jirani yangu wa banda la pili ana mwili wake wa haja, na naona benchi lake linajaa. Kwenye kazi yetu mwili ndio kibao cha biashara, nisiwadanganye. Kuna siku nimewaza nirudishe hata kilo tano yaishe.

Mlioshinda hili mliwajibu nini watu?

Kaka_Mkubwa77

Dada umeshasema tusiseme, mimi nasema hivi hivi. Funga mdomo. Utani tu, hongera sana.

Urembo_Asilia

Mpenzi usihangaike na mzani uliogoma. Nina chai ya majani asilia, tumbo linaondoka ndani ya wiki mbili, haina madhara kabisa. Unakunywa kikombe kimoja usiku, asubuhi unajisikia mwepesi. Njoo pembeni nikupe bei.

Dereva_wa_Nyanda

Dada wa Tandika shikamoo kwa kazi, maana sisi bila ninyi barabarani tungekufa.

Mimi naendesha semi, Dar kwenda Tunduma, nikipata mzigo wa ng'ambo navuka Nakonde naingia Zambia. Niliwahi kufika kilo 118. Kazi yetu ni kukaa. Unakaa toka bandarini, unakaa foleni ya mzani Vigwaza, unakaa mpaka Ruaha Mbuyuni, ukishuka ni kula. Na dereva hali saladi, anakula nyama, ndizi za kukaanga, chipsi mayai saa nane usiku ili asisinzie, juu yake soda au vile vinywaji vya kutia nguvu. Magoti yakaanza. Kupanda kwenye kichwa cha gari nikawa navuta pumzi kwanza, utingo ananiangalia ananionea huruma.

Nilipungua kwa foleni, usicheke. Pale Tunduma unaweza kulala siku kadhaa unasubiri karatasi, na foleni ya malori ni ndefu kweli. Nikawa namwachia utingo gari, natembea kutoka gari langu mpaka getini, narudi. Asubuhi kabla jua halijawa kali, na jioni. Soda nikaacha, maji nikawa nabeba dumu la lita tano. Usiku nikisinzia naegesha nalala, sili. Hilo la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu tajiri anakupigia simu kuuliza gari liko wapi. Nilishuka mpaka 97.

Kuhusu watu, mimi nilitangaziwa kifo. Nilirudi kijijini kwetu Makete kwenye msiba wa baba mdogo, na unajua mkoa wetu wa Njombe ugonjwa ule ulivyotuchapa. Mtu akikonda kule hakuna anayeuliza habari za mazoezi. Shangazi yangu alinishika akalia, akaniuliza kama nimeshaanza dawa. Nikamwambia shangazi mimi nimeacha soda. Hakuamini. Nikaona maneno hayasaidii, nikachukua bodaboda na yeye nyuma mpaka kituo cha afya, tukapima wote wawili. Majibu yakatoka safi, akarudi nayo msibani anayatangaza mwenyewe, tena kwa sauti. Toka hapo sijaulizwa tena.

Sisemi uwapeleke wateja wote kupima. Ila mama mkwe mchukue, atafanya kazi ya kukusemea kuliko wewe mwenyewe.

Lishe_Mkoani

Mimi ni afisa lishe, nimeona nichangie maana humu kuna kitu cha hatari kimeandikwa juu.

Kwanza hiyo chai. Nyingi ya chai hizi za "kuondoa tumbo" kiungo chake kikuu ni sanamaki, ile ile wazee wetu walitumia mtu akikosa choo. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula kinanyonywa zaidi kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo inapofika zamu ya sanamaki shibe imeshaingia mwilini. Unachopoteza ni maji na madini ya potasiamu, mzani unashuka, ukinywa maji unarudi. Dada ana presha, na baadhi ya dawa za presha zenyewe hupunguza potasiamu kwa njia ya mkojo. Ukijumlisha na kuharisha kila usiku, moyo unaweza kupiga ovyo. Na kuna bidhaa za kupunguza mwili ambazo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya kiharusi na shambulio la moyo. Kama kitu hakina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, mwenye presha asikiweke mdomoni.

Sasa dada yangu. Kilo 12 kutoka 98 ni zaidi ya asilimia 12 ya mwili wako. Kitaalamu hata asilimia 5 mpaka 10 inatosha kuleta nafuu kwenye presha na sukari, huenda hilo, pamoja na dawa, limechangia kichwa kuacha. Ile chai yako peke yake, tuseme vikombe vitano vya vijiko vitatu vya kujaa, haikupungua gramu 75 za sukari kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi kama gramu 50, na zikiwa chini ya 25 ndiyo bora zaidi.

Mzani kugoma ni jambo la kawaida na si uvivu. Mwili wa kilo 86 unakula nishati kidogo kuliko wa kilo 98, hata ukiwa umelala. Chakula kile kile kilichokuwa kinakupunguza mwanzoni sasa kinakutosha tu. Tena ukishapungua, njaa yenyewe huongezeka, mwili unadai ulichopoteza. Ukitaka kuendelea lazima kitu kipungue tena, na kwa jikoni kwako mimi ningeangalia mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kilokalori 120, karibu sawa na ndizi mbivu kubwa. Mboga yako mwenyewe ichote pembeni kabla hujaunga ya wateja.

Halafu umeandika unaamka saa kumi. Hujaandika unalala saa ngapi. Mtu asiyelala anasikia njaa zaidi, na anatamani vitamu. Hili wateja wangu wengi hulipuuza.

Vile vimraba vya kuungia supu pia vina chumvi nyingi sana, na wewe ndiye unayeionja hiyo supu kila siku. Na dawa ya presha usiiache kwa sababu imeshuka. Mwenye kuamua kupunguza dozi ni daktari.

Bi_Mkunazini

Assalam aleikum. Mie niko Unguja. Mdogo wangu, hayo ya watu huku kwetu ndiyo usiombe. Harusini ukipita na baibui limekulegea wanakutazama toka mlangoni, "Masikini, kafanywa nini huyu?" Na sahani ya biriani unatiliwa mara mbili makusudi, ukikataa umemvunjia heshima mwenye shughuli.

Mie nilikuwa nikisema nimefunga. Jumatatu na Alhamisi kweli nilikuwa nikifunga, siku nyingine nikisema tumbo haliko sawa, Mungu anisamehe. Mwisho nilichoka, nikaanza kujibu, "Nimepungua kwa makusudi, na bado naendelea." Ukiwa na uso mkavu hawana la kuongeza.

Dada yangu yuko Muscat, yeye anachoma zile sindano za kila wiki. Amepungua sana, sisemi uongo. Lakini ni ghali, na alipozisitisha kidogo mwili ulianza kurudi. Afisa hapo juu atatueleza zaidi.

Lishe_Mkoani

Bi Mkunazini, ni kweli. Semaglutidi, mojawapo ya sindano hizo za kila wiki, ilifanyiwa utafiti mkubwa uliochapishwa 2021, wagonjwa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68. Walipofuatiliwa baada ya kuacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha kama theluthi mbili ya walichopoteza. Ni dawa ya kweli, ya daktari, si ya kununua kwa mtu kwenye simu.

Urembo_Asilia

Kila mtu na imani yake. Wenye kuhitaji mnajua pa kunipata.

MamaLishe_Tandika

Asanteni, nimesoma yote na binti yangu wa kazi nimemsomea. Afisa, umenishika pabaya hapo kwa usingizi. Nalala saa tano, saa nyingine sita, maana usiku ndio nachambua maharage na kukuna nazi. Kuanzia wiki hii kukuna tunafanya mchana wateja wakipungua, nitaona. Vimraba nimewaza sana. Nikivitoa ghafla wateja wa supu watakimbia, kwa hiyo nitapunguza nusu, niongeze kitunguu saumu na ndimu, wasigundue. Nao wengi ni madereva na wabeba mizigo, wana presha zao hawazijui.

Kuhusu benchi la jirani, mume wangu kanitajia kitu ambacho sikuwa nimekitazama. Mahesabu ya daftari yanaonyesha siuzi pungufu kuliko mwaka jana, na sahani za walinzi zimeongeza. Jirani benchi lake linajaa kwa sababu ana televisheni. Basi zile kilo tano sizirudishi.

Mama mkwe anakuja tena mwezi ujao kwa arobaini ya mjukuu. Kaka dereva, nitafanya kama ulivyosema kwa shangazi, ila mimi nitampeleka tupime na presha, maana naye analalamika kisogo.

Yule mteja anayecheka nimemjibu leo. Nimemwambia chakula kingekuwa kimenishinda ningekula kwake. Gereji nzima wamemzomea.

Dereva_wa_Nyanda

Hahaha! Umemaliza. Tandika sehemu gani hasa? Jumamosi napakia bandarini, nataka hayo matembele, na wali uweke kidogo.

MamaLishe_Tandika

Shuka kituo cha daladala, ingia upande wa sokoni, uliza banda la mama aliyekonda. Watakuonyesha.