Gumzo la familia: Diski ya Baba

Baba: Assalaam alaykum. Laptopu imerudi kwa fundi, imewekewa SSD, ile diski mpya ya kasi, na Windows mpya, inawaka upesi ajabu. Diski ya zamani kanipa kwenye kikasha cha USB. Sasa nikifungua folda yangu humo inanikatalia, ati sina ruhusa. Mali yangu mwenyewe!

Shangazi Mwanaisha: Waalaykumu salaam kaka. Jamani, hesabu za kikoba zimo humo na Jumamosi tunagawana.

Rehema: Shikamoo baba, shikamoo shangazi. Na picha za marehemu bibi 😢

Baba: Marahaba mwanangu. Nimempigia fundi, anasema niifomati ndiyo itafunguka.

Salum: Shikamoo baba. USIFOMATI! Tafadhali sana. Kufomati ni kufuta. Faili zipo, zinazogoma ni ruhusa tu.

Baba: Marahaba. Lakini jina nimeweka lilelile, na nywila ileile.

Salum: Windows haikujui kwa jina. Kila akaunti ikifunguliwa hupewa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Windows mpya imekupa namba mpya, na faili zako zinamjua mwenye namba ya zamani. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, Properties, halafu Security. Unaona nini?

Baba: Account Unknown, halafu hiyo S-1-5-21 na mkia wake.

Salum: Huyo ndiye wewe wa kabla ya diski mpya.

Rehema: Mbona flashi hazisumbui hivi?

Salum: Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, hazitunzi habari za mmiliki. Diski ya Windows hutumia mfumo wa NTFS, inatunza. Baba, funga hapo, ibofye folda mara mbili, ikiuliza bonyeza Continue.

Baba: Mstari wa kijani unatambaa juu... Documents imefunguka! Pictures bado imegoma.

Binamu Hamisi: Mjomba, ipe Everyone, yaani kila mtu, Full control ya diski zote mbili, yaishe.

Salum: Hapana Hamisi. Ukifanya hivyo kwenye C, diski yenye Windows, kila programu itaweza kuchezea mafaili ya Windows yenyewe, na kuzirudisha ruhusa zilivyokuwa ni kazi kubwa. Tunagusa folda iliyogoma peke yake.

Salum: Baba, andika cmd kwenye Start, ibonyeze kwa kitufe cha kulia, Run as administrator. Kisha mistari hii, mmoja baada ya mwingine:

takeown /F "D:\Users\Mzee\Pictures" /R /D Y

icacls "D:\Users\Mzee\Pictures" /grant %username%:F /T

Wa kwanza unakufanya mmiliki, wa pili unakupa ruhusa. Umiliki peke yake hautoshi. Hakikisha kwanza kama diski ya nje ni D kweli.

Baba: Ni E. Nimebadilisha. Maandishi yanakimbia, SUCCESS, SUCCESS...

Rehema: 🙏🏾🙏🏾

Baba: Zimefunguka! Arobaini ya mama yote ipo. Ila kwenye Documents kuna My Music imeandikwa Access is denied.

Salum: Hiyo iache. Si folda, ni kielekezo tu cha Windows, ndani hamna kitu. Sasa nakili Documents na Pictures uziweke kwenye folda zako za C. Nakala zitachukua ruhusa za huko zinakoingia, hazitakusumbua tena. Ukikuta faili yenye alama ya kufuli niambie, hiyo imefungwa kwa msimbo na inataka cheti chake cha zamani, yaani ufunguo wake. Umiliki hauifungui.

Baba: Sijaona kufuli. Mwanaisha, nakutumia Excel yako sasa hivi.

Shangazi Mwanaisha: Imefika, imefunguka, hadi malipo ya mwezi uliopita yamo. Mungu akubariki Salum.

Salum: Amina shangazi. Baba, diski ya zamani isirudi kwa fundi mpaka Rehema apate nakala ya picha.

Rehema: Kesho nakuja na diski yangu ya nje baada ya kazi.

Baba: Nitakuwepo. Njoo kabla ya magharibi.