df inasema diski imejaa, du inasema zaidi ya nusu iko wazi

Mkulima_Hombolo:
Ndugu wataalamu, naombeni msaada. Seva ya Linux inayotunza kumbukumbu za mizani ya zabibu ya chama chetu cha wakulima huku Hombolo imegoma kuandika chochote tangu jana, ikidai kwamba diski imejaa. Amri ya df -h inaonyesha jumla ya GB 100, zilizotumika 95 na zilizobaki sifuri, hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeikataa. Nilipopima kwa du -xsh / nikiwa root (mtumiaji mkuu wa mfumo), nilipata GB 41 tu. Juzi nilifuta faili kubwa la logi (kumbukumbu za matukio ya programu), wala sikuona nafuu.

FundiNkuhungu:
Mkuu, zile GB 5 si mazingaombwe. Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao Linux nyingi hutumia, kwa kawaida humtengea root asilimia 5, na sehemu hiyo haihesabiwi kuwa imetumika wala kuwa imebaki.

MamaKisasa:
Fundi amejibu swali dogo. Kubwa ni pengo la GB 54, na mimi nalishuku hilo logi. Amri ya du hupita folda moja baada ya nyingine ikijumlisha mafaili inayoyaona, ilhali df huuliza mfumo wenyewe wa mafaili ni nafasi kiasi gani imeshikwa. Ukifuta faili ambalo programu bado imelifungua, jina hutoka kwenye folda lakini data hubaki mpaka programu ilifunge. Endesha lsof +L1, inayoorodhesha mafaili yaliyofutwa ambayo bado yamefunguliwa, kisha anzisha upya programu utakayoikuta imelishikilia. Hakuna haja ya kuzima seva nzima.

Mkulima_Hombolo:
Ahsante, mama. Logi lilikuwa la GB 31, na sasa df inasoma 64. Zile 23 bado sijui ziliko.

MamaKisasa:
Nakala za usiku unaziweka wapi? Ikiwa ni diski ya nje, na siku moja seva iliwaka kabla ya diski hiyo kuunganishwa, nakala ziliandikwa kwenye folda tupu ya diski kuu, na diski ya nje ilipokuja ikazifunika. Andika mount --bind / /mnt, ili diski kuu ionekane pale /mnt bila kufunikwa na diski ya nje, kisha uipime folda hiyo ndani ya /mnt.

Mkulima_Hombolo:
GB 22, zote za wiki ambayo umeme ulikatika mara mbili! Nimezihamishia kwenye diski ya nje, df inasoma 42, na mizani inaandika tena.

FundiNkuhungu:
Hiyo tofauti ya GB 1 iliyobaki kati ya df na du ni ndogo, isikusumbue.