Mpiga dramu wa kukodiwa: ujira wa siku unatosha, au naye ana fungu lake katika wimbo?

Mwanzisha mada, mpiga dramu, Kikwajuni, Zanzibar

Assalaam alaykum wenzangu. Mada hii nimekaa nayo tangu Ramadhani, na leo naitoa ili tuizungumze wazi, kwa sababu kila nikiigusa mazoezini watu hubadilisha mazungumzo.

Napiga dramu mwaka wa 19 sasa. Msimu wa wageni ukikolea, wiki yangu huwa hivi: Jumatatu roki hotelini Nungwi, Jumatano taarab ya harusi Mwanakwerekwe, Alkhamis studio na kijana wa zenji fleva, huu muziki wetu wa vijana, Jumamosi rege Paje. Wenzetu wa Bara mtu kama mimi humwita deiwaka. Naingia na vijiti vyangu mfukoni na kanyagio langu la ngoma ya mguu kwapani, na kila ninapoingia natakiwa niwe mtu mwengine. Kwenye roki mkono wa kushoto ushuke kwa nguvu zote. Kwenye taarab ukipiga vile umemuua mwimbaji, maana pale watu wamekuja kusikiliza maneno. Kazi hii huifundishwi siku moja.

Miaka miwili nyuma niliitwa studio moja hapa mjini. Wimbo ulikuwa na sauti na kinanda tu. Nikaambiwa, "Tia chochote, maalim." Nikakaa muda wa saa nne. Nikachukua mwendo wa vidumbaki, zile ngoma ndogo za kidumbak, nikaugawa baina ya mikono miwili na mguu, na ule mchakacho wa cherewa, yale manyanga yetu, nikaupeleka kwenye matoazi. Ukatoka mdundo ambao mtu akiusikia pigo la pili tu anajua wimbo gani. Nikapewa shilingi 40,000, nikashukuru, nikarudi nyumbani. Baadaye wimbo ukauzwa kwa tangazo la biashara. Tangazo lile linaanza na dramu peke yake, kinanda kinafuata baadaye. Jina langu halimo popote na senti moja sikuiona.

Rai yangu ni hii: mpigaji akiunda mdundo unaobeba wimbo, awe na jina na awe na fungu, na yaandikwe kabla hajakaa kwenye kiti.

Wapiga roki wote wa hotelini wanaujua "Africa" wa bendi ya Toto ya Marekani, maana wageni wanauomba kila usiku. Mpiga dramu wake, Jeff Porcaro, alikuwa mtu wa kukodiwa kweli kweli. Alipiga kwa bendi ya Steely Dan, akapiga katika albamu ya mwimbaji Boz Scaggs ya 1976, akapiga "Beat It" ya Michael Jackson, na huku ana bendi yake, hiyo Toto. Tazameni mwaka mmoja tu, 1982. Kwenye "Beat It" aliitwa kupiga, na mtunzi aliyeandikwa ni Michael Jackson peke yake. Kwenye "Africa" watunzi walioandikwa ni wawili, mpiga kinanda David Paich na yeye Porcaro. Mikono ni ile ile. Kilichotofautiana ni makubaliano yaliyokuwapo nyuma ya kila wimbo. Porcaro alifariki 1992 akiwa na miaka 38, na jina lake kwenye "Africa" lipo mpaka leo.

Na tusisahau kuwa huyu Freddie Mercury tunayempigia picha Shangani, mwimbaji aliyezaliwa hapa 1946, bendi yake ya Queen ilifika pahala hapo hapo. Kuanzia albamu ya 1989 nyimbo zote waliziandika kwa jina la Queen, wanne sawa sawa, na mpiga dramu yumo.

Mwenye studio, Michenzani

Waalaykum salaam kaka. Nakuheshimu, na dramu zako zimo katika nyimbo nyingi zilizotoka mikononi mwangu. Lakini umechanganya mambo mawili, na mimi sitaki tupite juu juu.

Roger Taylor, huyo mpiga dramu, alikuwa mwanachama wa Queen. Wenzake wangeanguka angeanguka nao. Hata kabla ya hiyo 1989, wimbo wake ulitiwa upande wa pili wa santuri ya "Bohemian Rhapsody" mwaka 1975, na akapata fedha za mtunzi sawa na Freddie, kwa kuwa santuri ikiuzwa pande zote mbili zimeuzwa. Alipata kwa utunzi wake na kwa kuwemo ndani ya bendi. Wewe uliyekuja Alkhamis moja, ukala chakula cha mchana kwangu, ukalipwa ukaondoka, hatari yako iko wapi?

Mimi katika nyimbo kumi ninazorekodi, tisa hazirudishi hata fedha ya umeme. Kwa zile tisa wewe umeshalipwa. Mbona hujaja kunirudishia 40,000 kwa wimbo uliokufa? Ukitaka fungu la faida, chukua na fungu la hasara.

Na jengine ulijue, nalisema kwa masikitiko. Mkianza kudai mafungu, vijana wataacha kuwaita. Kompyuta haidai kitu.

Mpiga kinanda na prodyuza, Chake Chake

Samahani kaka wa studio, hapo kwenye kompyuta sikubaliani nawe hata kidogo, na mimi ndiye ninayeitumia kila siku.

Midundo mingi iliyomo ndani ya hizo programu ni ya watu. Clyde Stubblefield alipiga dramu kwa mwimbaji wa Marekani James Brown, na mwaka 1969 wakarekodi "Funky Drummer". Kipande chake cha dramu peke yake, sekunde chache tu, kimekatwa na kubandikwa katika mamia ya nyimbo za rapu. Mtunzi aliyeandikwa ni James Brown. Stubblefield alikufa 2017 na fedha za vipande vile kwa sehemu kubwa hazikumfikia. Kwa hiyo ukisema kompyuta haidai, maana yake ni kuwa anayedai hayupo karibu yako ukamsikia.

Nyimbo zangu tatu zina dramu za namna hiyo. Tangu nijue kisa hiki sina raha nazo.

Mwimbaji wa taarab, Miembeni

Wanangu, mimi nimeimba kabla baadhi yenu hamjazaliwa, na nitasema la jina kwanza, la fedha mtanisamehe.

Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kutia sauti kwenye santuri. Hakwenda kusimama peke yake. Ukiwauliza wazee, wenzake walikuwa nani, utatajiwa Subeti Ambar, Buda Swedi, Mbaruku, Maalim Shaaban. Karibu miaka 100 imepita na majina yanatajwa. Shaaban Robert alipomwandikia Siti wasifu aliwatia na wao. Sasa mimi naskia wimbo wa juzi, mwana wa jirani yangu ndiye aliyepiga, na mtangazaji hawezi kunambia nani kapiga! Tumerudi nyuma, na wakati ule hata intaneti haikuwapo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Maalim wa dramu, nakupenda, lakini ulikaa saa nne studio na hukuuliza hata jina lako litaandikwa wapi. Sisi waitikiaji vile vile. Tunaitikia kiitikio ambacho ndicho watu wanachoondoka nacho harusini, kisha tunavaa mabuibui yetu tunakwenda zetu. Mkimfikiria mpiga dramu, mfikirieni na mwitikiaji.

Mzee wa ngoma, Wete

Nimesoma yote, nimesomewa na mjukuu wangu mengine. Mwanangu wa Kikwajuni, nina suali moja.

Umesema ulichukua mwendo wa vidumbaki ukaugawa mikononi. Uliuchukua kwa nani? Mimi nimepiga kibati, ngoma yetu ya Pemba, tangu kijana, na kibati kina mbio zake, mtu anatoa maneno papo hapo na ngoma inamfukuza. Vijana wanakuja hapa na simu zao, wanarekodi, wanaondoka. Baadaye naskia mwendo wetu kwenye wimbo wa mtu, umetiwa matoazi na magitaa. Hakuna aliyerudi kusema ahsante. Wewe unalia kwa kutotajwa na studio, nami nakuuliza wewe umemtaja nani.

Ikiwa mdundo una mwenyewe, basi mwenyewe wa kwanza ni aliyekufundisha, na aliyemfundisha yeye. Fungu lako likatwe kwanza hapo.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo. Suali lako limenikaa. Nimelala nalo usiku mzima kabla ya kujibu.

Umenishika pahala pa haki. Mwendo ule niliupata kwa mjomba wangu aliyekuwa akipiga sanduku, lile besi la kamba moja, kwenye kidumbak, nikiwa mtoto namshikia mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha. Sikumtaja mahali popote, na wala haikunijia kumtaja mpaka uliponiuliza. Huyu Porcaro ninayemsifu alinishinda hapa. Dramu zake za "Rosanna" zinasomwa na kila anayejifunza roki, na yeye mwenyewe alieleza waziwazi alikoutoa mwendo ule: kwa wapiga dramu wenzake, Bernard Purdie na John Bonham wa Led Zeppelin, akauchanganya na mwendo wa mpiga gitaa Bo Diddley. Alitaja walimu wake bila ya kulazimishwa. Na kwenye "Rosanna" mtunzi ni Paich peke yake, ijapokuwa imo katika albamu ile ile ya "Africa". Yaani hata ndani ya bendi moja, mwaka mmoja, dramu iliyosifiwa zaidi haikuhesabiwa utunzi. Sikulisema hili mwanzoni kwa sababu halinisaidii, na ilikuwa niliseme.

Kwa hiyo narekebisha madai yangu. Kuna fungu la utunzi na kuna fungu la upigaji. La utunzi nalikubali liwe kwa nadra, pale mpigaji alipounda kitu kabla wimbo haujawa wimbo. Lakini la upigaji, ndugu yangu wa studio, hilo sikuachii. Wewe unauliza hatari yangu iko wapi. Haki ya upigaji haikuwekwa kwa ajili ya hatari, imewekwa kwa kuwa sauti inayouzwa upya ni ya mikono yangu. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa 1961 uliwatambua wapigaji kwa hilo. Marekani, fedha zinazokusanywa kwa redio za intaneti, nusu huenda kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 hutengwa kwa wapigaji na waitikiaji wa kukodiwa. Mama yangu wa Miembeni, umeona, waitikiaji wametajwa. Ulaya, kwa sheria waliyoipitisha 2011, rekodi ikishatimiza miaka 50 na bado inauzwa, kampuni inatakiwa kutenga asilimia 20 ya mapato ya kila mwaka kwa wale waliolipwa mara moja tu wakaondoka. Waliolipwa mara moja! Ndiyo sisi hao. Hakuna aliyeambiwa arudishe ujira wa nyimbo zilizokufa.

Hapa kwetu Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki ya 2003 na tuna COSOZA, chombo cha hakimiliki. Lakini chombo kitamgawiaje mtu ambaye jina lake halikuandikwa na yeyote? Karatasi ya nusu ukurasa yatosha: nani kapiga nini, siku gani, kalipwa kiasi gani, wimbo ukiuzwa kwa tangazo au filamu apate nini. Na mstari mmoja wa chini, kwa ajili ya mzee: mwendo umetoka wapi.

Mwenye studio, Michenzani

Nimekusoma, na mama nimemsoma. Jina natia. Kuanzia wiki ijayo kila wimbo unaotoka kwangu utakuwa na majina ya wapigaji na waitikiaji kwenye maelezo yake, na za nyuma nitazirekebisha kadiri ninavyokumbuka aliyepiga.

Matangazo na filamu, tuzungumze. Hapo fedha inaonekana, naweza kukata asilimia kumi nikawagawia waliopiga. Lakini nyimbo za kawaida bado nasema ujira wa siku unatosha, na sitatia saini kitu ambacho sitaweza kukitekeleza. Asilimia ya sifuri ni sifuri, kaka, na mimi ndiye nitakayeandamwa kila mwisho wa mwezi.

Mpiga kinanda na prodyuza, Chake Chake

Ongeza kwenye karatasi: sauti zikikatwa zikatumika kwenye wimbo mwengine, aliyepiga aulizwe. Bila ya hilo kisa cha Stubblefield kitajirudia hapa hapa.

Mzee wa ngoma, Wete

Mstari wa chini nimeuona. Utaandika "kidumbak" au utaandika jina la mjomba wako? Na kwa kibati utaandika nani, mimi au mji mzima? Wenzangu wanne niliopiga nao wawili wamebaki.

Mwanzisha mada

Nitaandika vyote viwili, ngoma na aliyenifundisha. Kwa kibati sina jibu mzee wangu, na sitaki kulitunga nikiwa Kikwajuni. Jumamosi ijayo nimeahirisha Paje, napanda boti ya Pemba, nateremka bandari ya Mkoani, naja Wete. Nitakuwa na kinasa sauti kizuri na karatasi tupu. Waambie wale wenzako wawili wasitoke.